Daraja la Wino

Tulimwacha Dobi mbele ya meza ya karani wa magari ya kukodi, leseni mkononi, baada ya karani kubonyeza kompyuta yake mara mbili na kutamka maneno yaliyoua safari: “Hili gari haliruhusiwi kuvuka mpaka, dada.”

Najua wapo wasomaji waliomlaani karani yule wiki nzima. Naomba mumpunguzie. Kosa la hadithi hii lina mwenyewe, na leo mtamjua, na mkishamjua sina hakika kama mtapata nguvu ya kumlaani.

Aliyechelewa aketi upesi nimweleze. Dobi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Anafua mashuka ya hospitali na kuendesha kigari kinachoyapeleka kwenye zahanati zake, ndiyo maana ana leseni na ndiyo maana ana jina hilo. Amepewa ruhusa ya siku moja tu, kesho Jumamosi. Jumapili asubuhi asipoonekana kwenye mashine zake, nje ya geti kuna watu kumi wanaoingoja kazi hiyo.

Baba yake alikuwa mchora ramani serikalini kwa miaka thelathini na minane. Ofisini walimwita Mzee Wino, maana wenzake walichora kwa penseli, na yeye ndiye aliyeaminiwa kupitisha wino juu ya penseli zao. Sasa macho yanazimika. Daktari alimpa mwezi mmoja wa kuona, na wiki tatu zimekwenda. Anachokiona sasa anakiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli.

Akaomba kitu kimoja. Apelekwe ng'ambo ya mpaka, kwenye mji mkongwe alikozaliwa, wenye ukuta wa mawe na lango lililochongwa, akauone uso wa dada yake kabla hajawa kipofu. Kwa miaka ishirini na sita wamejuana kwa sauti ya simu tu.

Huyo dada mtu, shangazi yake Dobi, anatunza makumbusho ya mji ule. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Siku moja, mvua zikikaribia, aliaga, akatoka na shehena ya saruji kuelekea mpakani, na mpakani hakufika. Walimtafuta njia nzima kubwa wasipate hata kifuniko cha gurudumu. Watu hawakukosa la kusema. Walisema kapata mwanamke mwingine, na Shangazi ameumeza usemi huo mpaka leo, kila anapokwenda sokoni.

Haya, turudi kwa karani.

Dobi hakulia. Aliuliza kwa nini, akaelezwa kwamba bima ya gari lile inaishia mpakani, kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Akauliza kama kuna jingine. Karani akasema lipo moja, jeupe, kuukuu, dirisha la kushoto halishuki, lakini lina karatasi zote za kuvukia. Tatizo ni kwamba watu wa harusi wameshalichukua kwa kesho.

Akiwa bado anamalizia, simu ya mezani ikalia. Watu wa harusi hao hao. Wameliona gari, wamesema halifanani na bibi harusi, wanataka kubwa zaidi.

Kufa kufaana. Karani akaweka simu chini, akachomoa fomu, na Dobi akaivuta upande wake. Akaandika jina, namba ya leseni, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Alipofika mahali pa kuandika njia atakayopita, alifungua mkoba akatoa ramani.

Si ramani ya hivi hivi. Aliikuta kwenye sanduku la baba yake, imekunjwa mara nane, imechorwa kwa mkono ulionyooka kuliko rula. Kwenye ramani hiyo, ukishavuka mpaka, njia kubwa inazunguka milima kwa saa tano. Lakini kushoto kuna njia nyingine inayokata moja kwa moja, inavuka mto kwa daraja, na kukutoa langoni mwa mji mkongwe kwa saa mbili na nusu.

Safari yote ilisimama juu ya daraja hilo. Hati ya kusafiria ya Mzee ilikwisha muda zamani, akapewa kibali cha kutwa, uende na urudi kabla mpaka haujafungwa saa kumi na mbili jioni. Dobi alikuwa ameipiga hesabu kwa wiki mbili, upande wa nyuma wa kadi za mashuka. Kutoka alfajiri, mpakani saa mbili, foleni mpaka saa tatu, mjini saa tano na nusu. Saa tatu nzima za kukaa na Shangazi. Kisha kurudi, na bado inabaki saa moja ya dharura.

Karani akaisoma njia hiyo. Kalamu yake ikasimama.

“Nani amekupa njia hii?”

Dobi akasema ni ya kwenye ramani. Karani akaigeuza ramani upande wake, akaweka kidole juu ya daraja.

“Hapa hakuna daraja, dada.”

“Limesombwa na maji?”

“Halijasombwa. Halikujengwa. Nimeendesha basi upande ule miaka tisa kabla goti halijaharibika. Barabara ni nzuri, changarawe safi, halafu inaishia mtoni. Ng'ambo inaendelea tena. Katikati ni maji.”

Dobi alihisi hasira zikimpanda. Alimwambia karani kwamba aliyelichora daraja lile ni baba yake mzazi, mtu ambaye hajawahi kukosea hata unene wa mstari. Karani hakubishana naye. Alimtazama kama tunavyomtazama mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali akiwa bado hajaambiwa.

“Basi kamuulize yeye,” akasema. “Nitakushikia gari mpaka saa kumi na moja. Ukija na njia iliyopo, nakupa ufunguo.”

Nje, Dobi aliegemea ukuta akapiga hesabu upya. Mpakani saa tatu asubuhi. Njia kubwa saa tano. Kufika mjini saa nane mchana. Kurudi tena saa tano, na mpaka unafungwa saa kumi na mbili. Ili wauwahi, ingewabidi waondoke mjini saa saba, yaani saa nzima kabla hawajafika.

Aliirudia mara tatu. Hesabu haina huruma, haikubadilika.

Nyumbani alimkuta Mzee Wino ameketi karibu na dirisha, amevaa shati la kesho kulijaribu. Lilikuwa limepigwa pasi na Dobi mwenyewe. Viatu alivipiga rangi mwenyewe kwa kupapasa, akavipanga juu ya gazeti. Vilikuwa viatu vya kahawia, na alikuwa amevipaka rangi nyeusi.

Kule kazini Dobi amejifunza jambo moja kuhusu madoa. Shuka lenye damu huanzwa kwa maji baridi. Ukilikimbilia na maji ya moto kwa pupa, doa linashika na halitoki tena. Basi akaketi kwanza kitandani. Akauliza kama baba amekula. Akaambiwa amekula. Akaikunjua ramani magotini.

“Baba, daraja lipo?”

Mzee hakuuliza daraja gani. Alianza kukunja leso yake, pembe kwa pembe, na alipoimaliza akaifungua akaanza tena.

“Kila mwaka nilijiambia labda wamejenga,” akasema.

Na maneno yakaanza kutoka, polepole, kama mtu anayeshusha mizigo aliyoibeba bila kupumzika. Ofisini kwao kulikuwa na sheria moja. Kitu kilichopangwa kujengwa kilichorwa kwa penseli. Kilichojengwa, mpimaji akakiona kwa macho yake na kuandika taarifa, ndicho kilichopakwa wino. Mzee mwenyewe alikuwa akiwafundisha wageni hivyo: penseli ni ahadi, wino ni kiapo.

Mwaka wa harusi ya dada yake, barabara ilikatwa pande zote mbili za mto, daraja likawa linangojewa. Mpimaji alikuwa arudi na taarifa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia ndiyo dada mtu alikuwa anaolewa. Mzee Wino, kijana wakati huo, alitaka kumpa bwana harusi zawadi ambayo hakuna mwingine ukumbini angeweza kuitoa: ramani ya kwanza kutoka mtambo wa kuchapia, yenye njia mpya fupi kutoka mlangoni mwa dada mpaka mlangoni mwa kaka.

“Nikasema natangulia siku tatu tu,” akasema. “Ijumaa nikapitisha wino.”

Jumatatu mpimaji akarudi. Fedha za daraja zimekwisha, mafundi wamerudi makwao. Ramani imeshachapishwa. Kijana akaangalia huku na huku, akaona hakuna aliyegundua, akanyamaza. Watajenga mwakani, alijiambia.

Dobi alitaka hadithi iishie hapo. Ni kosa, lakini ni kosa la kijana mwenye furaha, mtu anaweza kulisamehe. Akaanza hata kusema kwamba haidhuru.

“Ngoja,” akasema baba yake. “Sijafika.”

Miaka miwili baada ya harusi, simu ya ofisini ikalia. Ni shemeji yake, yule dereva wa lori. Alikuwa na furaha. Alisema mvua zinakuja, ana shehena ya haraka, siku zote amepita njia kubwa lakini leo anaondoka jioni, na atajaribu ile njia ya shemeji iliyo ukutani kwake. Alipiga tu kumjulisha mwenye njia.

“Ukamwambia nini?”

Leso ikakunjwa. “Mkuu wangu alikuwa amesimama mezani kwangu, ameshika karatasi mpya. Ningemwambia shemeji ukweli, mkuu angesikia. Nikasema, ‘Haya, safari njema.’ Nilikusudia kumpigia tena mkuu akiondoka. Mkuu alikaa mpaka saa za kufunga. Nilipopiga, shemeji alikuwa ameshatoka.”

Dobi alikumbuka mtu mrefu aliyekuwa akimbeba begani alipokuwa na miaka minane, mtu aliyenuka dizeli, ambaye jina lake nyumbani liligeuka kuwa aibu na halikutajwa tena.

“Kwa hiyo hakukimbia na mwanamke,” akasema.

“Hakukimbia na mtu yeyote.”

“Na Shangazi hajui.”

“Hajui. Kwa simu nimeshindwa mara mia. Nikisikia sauti yake nauliza habari za mvua. Nataka kumwambia nikiwa namwona, na yeye ananiona. Nikishakuwa kipofu nitajificha humo gizani, najijua.”

Dobi alimchukia. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe aliihisi chuki hiyo wazi. Akamuuliza kwa nini alimwacha apange safari nzima juu ya daraja ambalo halipo, wiki mbili, kadi kwa kadi, huku akimsikia akihesabu saa kwa sauti.

“Uliposema una ramani yangu, nilijua. Nikanyamaza tena,” akajibu baba yake. “Nilifikiri tutafika pale mtoni wote wawili, na hapo sitakuwa na pa kwenda.”

Njia ya mwongo ni fupi. Wazee walisema hivyo bila kumjua Mzee Wino.

Dobi alitazama vile viatu vya kahawia vilivyopakwa nyeusi, na ile chuki ikakosa pa kukaa. Alisimama. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache, na karani alimpa mpaka saa kumi na moja. Kama baba hawezi kufika kwa Shangazi, Shangazi afike kwa baba. Atoke mjini alfajiri kwa njia kubwa, wakutane mpakani mchana, kwenye chumba cha kungojea, hata kwa nusu saa. Mji mkongwe basi. Lango lililochongwa basi. Uso utaonekana.

Ilikuwa fikra nzuri, ya kwanza siku ile. Akapiga simu. Simu ya Shangazi haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akapiga makumbusho, akapokea bawabu, mzee mchangamfu anayependa mazungumzo.

Bawabu akasema mama ametoka tangu saa nane. Amekodi teksi. Ameteremsha ile ramani yake ya harusi kutoka ukutani, akaiviringisha, akaondoka nayo. Alisema mvua imenyesha wiki nzima, anakwenda kuangalia kama njia ya darajani inapitika, wageni wake wasije wakakwama kesho. Huko mtandao hakuna, bawabu akaongeza, lakini asiwe na wasiwasi, dereva ni mtu mzima.

Dobi aliteremsha simu taratibu.

Aliyemtajia Shangazi njia ile ni yeye. Juzi tu, kwa furaha, alimpigia akajisifu: tunakuja kwa njia ya mkato, tunapitia daraja la Baba, lile lililoko kwenye ramani aliyokupa. Shangazi akasema kwamba marehemu, kama ni marehemu, siku zote alipita njia kubwa. Dobi alicheka akamwambia safari hii watapita fupi. Na Shangazi akasema sawa.

Aliyasimulia hayo kwa baba yake akiwa amesimama katikati ya chumba. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aligeuza uso dirishani, kwenye kile kitundu kidogo cha mwanga alichobakiwa nacho, na Dobi akaona kwamba shati la kesho limelowa mgongoni.

Kutoka mjini mpaka mtoni ni saa moja na nusu. Barabara ni nzuri, changarawe safi. Mchana kweupe hakuna wa kutumbukia. Teksi itasimama ukingoni, Shangazi atashuka, atayaona maji na barabara inayoendelea ng'ambo. Atakuwa na ramani mkononi, na pembeni mwa ramani sahihi ya kaka yake. Na Shangazi si mjinga.

Kutoka huko atarudi nyuma mpaka mtandao upatikane. Dobi alihesabu, maana kuhesabu ndiko kulikobaki, na kabla hajamaliza, simu ikatetemeka mkononi mwake.

Shangazi.

“Nipe,” akasema Mzee Wino, akanyoosha mkono kidogo kushoto kwa mahali Dobi alipokuwa. Dobi aliipokea simu, akawasha kipaza sauti, akaiweka kiganjani mwa baba yake, akakifumba kiganja hicho juu yake.

Shangazi hakusalimu. Nyuma yake ulisikika upepo, na mlango wa gari ukifungwa.

“Kaka. Nimetoka mtoni sasa hivi. Daraja halipo, na watu wa ukingoni wanasema halijawahi kuwepo.”

Mzee alisema ndiyo. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

“Siku ile jioni alikupigia simu mbele yangu,” akasema Shangazi. “Nilikuwa namfungia chakula cha njiani. Nilimsikia nusu nusu, anakuambia ana haraka, halafu akacheka, akasema asante shemeji. Nilidhani mnasalimiana tu. Miaka yote hii nilidhani mnasalimiana.”

Upepo ukapita kwenye simu.

“Nataka kukuuliza neno moja, na usiniulize habari za mvua. Alipokwambia anapita njia yako, ulimjibu nini?”

Mzee Wino alifungua mdomo. Jibu lilikuwa maneno matatu tu, na Dobi alikuwa ameshayasikia. Alimtazama baba yake akiyatafuta, na hakujua aombe ayaseme au aombe simu ikatike.